Maisha ya Carl Jacobi, Bingwa wa Hesabu

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani, nilijua atakuwa akitazamia jemadari, au mfalme, au mmoja wa wale wasafiri waliovuka mapori. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mtu wangu hakuvuka pori lolote. Nimemchagua kwa sababu ya aibu iliyonipata mbele ya Kidato cha Sita muhula huu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeniokoa, ingawa alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1851.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi njia ya kutafuta jibu la milinganyo kwa kukisia na kusahihisha. Unaanza na makisio yoyote, hata sifuri. Kwa makisio hayo unapata thamani mpya ya kila herufi. Kwa thamani hizo mpya unapata nyingine tena, na hivyo duru baada ya duru, mpaka namba zitulie. Niliwasifia sana njia hiyo. Nikaandika ubaoni milinganyo miwili, x + 3y = 7 na 2x + y = 4, ambayo jibu lake ni x = 1 na y = 2. Tukaanza na sifuri. Duru ya kwanza ilitupa 7 na 4. Ya pili, -5 na -10. Ya tatu, 37 na 14. Ya nne, -35 na -70. Ya tano, 217 na 74. Darasa likaanza kucheka. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akaniuliza kwa adabu kabisa kama njia hii ni ya milinganyo yote au ni ya ile ya kitabuni tu. Nikamjibu kwamba tutaona kesho. Kengele ikanisaidia.

Usiku ule nilirudia vitabu vyangu, na humo nikakutana tena na jina ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulisalimu: Carl Gustav Jacob Jacobi. Njia niliyoiandika ubaoni huitwa kwa jina lake. Nami sikujua hata alizaliwa wapi.

Alizaliwa Potsdam, karibu na mji wa Berlin katika nchi ya Prussia, tarehe 10 Desemba 1804. Watu wake walikuwa Wayahudi, na baba yake, Simon Jacobi, alikuwa mwenye benki, kwa hiyo mtoto hakukosa chakula wala vitabu. Kaka yake mkubwa, Moritz, naye alikuja kuwa mtu mashuhuri. Alikwenda Urusi, na mwaka 1838 akaendesha mashua katika mto Neva kwa nguvu ya umeme, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la ajabu. Kwa miaka mingi Moritz ndiye aliyejulikana zaidi na watu wa kawaida, maana mashua huonekana na hesabu hazionekani.

Carl alifundishwa kwanza nyumbani na mjomba wake, upande wa mama. Mwaka 1816 akaingia shule ya sekondari ya Potsdam, na kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha wakampandisha hadi darasa la juu kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 12. Hapo pakatokea tatizo ambalo wanafunzi wetu wanaolalamikia kanuni watalifahamu: Chuo Kikuu cha Berlin hakikupokea mtu aliye chini ya miaka 16. Basi akakaa katika darasa lile lile la mwisho mpaka mwaka 1821, mwaka baada ya mwaka, huku wenzake wakimaliza na kuondoka. Mtu mwingine angeharibika kwa uvivu. Yeye alichukua vitabu vya Euler akavisoma mwenyewe, akajaribu hata kutafuta kanuni ya mlinganyo wa daraja la tano. Hakuipata. Baadaye Abel, kijana wa Norway, alionyesha kwamba kanuni ya namna ile haipo kabisa.

Huko Berlin alipata shahada ya udaktari mwaka 1825. Karibu na wakati huo huo aliingia dini ya Kikristo, maana katika Prussia ya siku zile Myahudi hakupata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Siwezi kuhukumu moyo wa mtu aliyekufa zamani, lakini sheria ile ilikuwa dhuluma, na yafaa wanafunzi wajue kwamba ilikuwapo.

Mwaka 1826 akahamia Chuo Kikuu cha Königsberg, mji wa kaskazini karibu na bahari ya Baltiki, ambao leo ni wa Urusi nao huitwa Kaliningrad. Alikaa huko miaka 17 hivi. Kazi iliyompa sifa ilihusu kazitendeshi fulani ziitwazo za duaradufu, na katika kazi hiyo alishindana na yule yule Abel. Kila mmoja alikuwa akitoa makala, na mwenzake akijibu kwa makala nyingine. Yalikuwa mashindano makali, lakini hayakuwa na chuki. Mwaka 1829 Jacobi alitoa kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo, na mwaka huo huo, tarehe 6 Aprili, Abel akafa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 26, akiwa maskini. Mwaka 1830 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliwapa wote wawili tuzo yake kuu, mmoja hai na mwingine kaburini.

Huko Königsberg alianzisha pia jambo moja ambalo sisi walimu hatuna budi kumshukuru kwalo. Zamani zile profesa alisoma kitabu cha watu wengine mbele ya wanafunzi, nao wakaandika. Jacobi aliwafundisha mambo aliyokuwa akiyatafuta yeye mwenyewe wiki ile ile, hata yale ambayo hayajakamilika. Mwaka 1834 yeye na mwenzake Franz Neumann wakaanzisha semina, ambamo wanafunzi waliletewa maswali yasiyo na majibu ya kitabuni.

Mjini humo humo aliishi Bessel, mwanajimu mkubwa, ambaye aliongoza kupima nchi ya Prussia ya mashariki ili kujua umbo la dunia. Hapo ndipo tunakaribia ubao wangu. Mpimaji akipima pembe nyingi kutoka kilima hadi kilima, vipimo havikubaliani kabisa, kwa sababu kila jicho hukosea kidogo. Ili kugawanya makosa hayo kwa haki, hutumika njia ya miraba midogo kabisa, nayo huzaa milinganyo mingi yenye herufi nyingi. Kuitatua kwa kuondoa herufi moja moja ni kazi ya kuchosha, na kosa moja la kunakili huharibu ukurasa mzima. Gauss, mkuu wa hesabu wa wakati ule, alikuwa amemwandikia mwanafunzi wake wa zamani mwaka 1823 akimsifia njia ya kusahihisha kidogo kidogo, akimwambia kwamba kazi hiyo mtu aweza kuifanya hata akiwa nusu usingizini. Ningependa kumwona Gauss akiwa nusu usingizini mbele ya milinganyo yangu ya Kidato cha Sita.

Mwaka 1843 Jacobi aliugua. Madaktari walisema ni kisukari, na siku zile dawa yake haikujulikana. Wakamshauri aende nchi yenye joto. Fedha hakuwa nazo, maana baba alikuwa amekwisha kufa mwaka 1832, mali ya ukoo ilikuwa imepotea, na yeye alikuwa na mke, Marie, na watoto wengi, tena mama yake wa kumtunza. Rafiki zake wakamwendea Alexander von Humboldt, msafiri maarufu aliyekuwa na sikio la mfalme, na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne akatoa fedha za safari. Jacobi akaenda Italia pamoja na Dirichlet na mabingwa wengine wa hesabu. Huko Roma, badala ya kupumzika, aliingia maktaba ya Vatikano kulinganisha nakala za zamani za kitabu cha Diophantus. Aliporudi alipata nafuu kidogo, na mwaka 1844 akahamishiwa Berlin, ambako baridi si kali kama ya Königsberg.

Ni katika miezi hiyo ya kupona ndipo alipoandika makala iliyoniokoa. Ilitoka mwaka 1845 katika gazeti la wanajimu, nayo ni fupi. Jacobi aliona kwamba njia ya kusahihisha kwa duru hufanya kazi vizuri pale ambapo katika kila mlinganyo namba moja ni kubwa kuliko wenzake, na namba hizo kubwa zimekaa kwenye ulalo, yaani ya kwanza mahali pa kwanza katika mlinganyo wa kwanza, ya pili mahali pa pili katika wa pili, na kuendelea. Pale ambapo namba za kando ni kubwa, duru huenda polepole, au namba hukimbia kabisa kama zilivyotukimbia sisi.

Nilipoufikia ukurasa huo nilijipiga kofi la paji. Katika x + 3y = 7, namba kubwa ni ile 3, nayo haipo kwenye ulalo; na katika 2x + y = 4 vivyo hivyo. Niliiandika milinganyo kwa mpango mbaya, basi! Nikaibadilisha mahali, 2x + y = 4 ikatangulia na x + 3y = 7 ikafuata. Duru ya kwanza ikanipa 2 na 2.333; ya pili, 0.833 na 1.667, ya tatu, 1.167 na 2.056, ya nne, 0.972 na 1.944, ya tano, 1.028 na 2.009. Milinganyo ni ile ile, jibu ni lile lile, ila mpango umebadilika.

Lakini Jacobi hakuishia hapo, maana mara nyingi kubadili mahali hakutoshi. Alichukua mfano wa Gauss mwenyewe, kutoka kitabu chake cha mwaka 1809 juu ya mwendo wa sayari: 27x + 6y = 88; 6x + 15y + z = 70; y + 54z = 107. Namba ya kusumbua ni ile 6, ambayo inaziunganisha x na y kwa nguvu. Jacobi alifanya nini? Alizigeuza x na y pamoja, kama mtu anavyogeuza meza chumbani ili ikae sawa na ukuta, kwa pembe aliyoihesabu ili ile 6 ipotee kabisa. Katika mfano huu pembe hiyo ni nyuzi 22 na nusu. Baada ya kugeuza, mahali pa 27 na 15 pakakaa 29.4853 na 12.5147, na 6 ikawa sifuri. Ndipo akaanza duru.

Nilifanya hesabu zote mbili kwa mkono, usiku, kwa taa ya mezani. Jibu la kweli ni x = 2.470, y = 3.551, z = 1.916. Bila kugeuza, duru ya pili ilinipa 2.222, 3.231 na 1.895. Kwa kugeuza kwanza, duru ya pili, nilipozirudisha herufi za asili, ilinipa 2.471, 3.546 na 1.913. Katika njia ya kawaida kila duru huacha kama sehemu 3 katika 10 za kosa lililotangulia; baada ya kugeuza, huacha kama sehemu 1 katika 27. Kwa milinganyo mitatu tofauti hiyo ni ya dakika chache. Kwa milinganyo mia, ni tofauti ya mtu kumaliza kazi au kuitupa.

Sharti moja lisisahauliwe: ile namba ya kando haitoweki yote ila namba za pande mbili za ulalo ziwe sawasawa, 6 juu na 6 chini, kama ilivyo daima katika njia ya miraba midogo kabisa.

Leo mashine za kompyuta hutatua milinganyo yenye herufi mamilioni, za madaraja, za hali ya hewa, za mafuta chini ya ardhi, na njia nyingi zake ni za duru. Wataalamu hawaanzi duru kabla ya kuitayarisha milinganyo ili iwe rahisi kutulia, na matayarisho mepesi kuliko yote, yaani kugawa kila mlinganyo kwa namba yake ya ulalo, nayo huitwa kwa jina la Jacobi. Kompyuta ikishindwa, mtaalamu huuliza maswali yale yale niliyopaswa kujiuliza ubaoni. Je, kwenye ulalo kuna sifuri au namba ndogo mno? Milinganyo imepangwa vyema? Njia niliyochagua inataka pande mbili ziwe sawa, nami nimeipa zisizo sawa? Matayarisho yenyewe yamefaa milinganyo hii, au yameazimwa kutoka kazi nyingine?

Liko swali jingine ambalo huwanasa hata wakubwa, nalo ni la lini kusimama. Tazama x + y = 2 na x + 1.001y = 2.001. Jibu ni 1 na 1. Mtu akileta 2 na 0, mlinganyo wa kwanza unakubali kabisa, na wa pili unakosea kwa 0.001 tu. Atafurahi na kufunga daftari, kumbe x yake ni mara mbili ya ile ya kweli. Mwanafunzi anayesema kwamba jibu lake karibu linakubali, basi ni sahihi, namwonyesha milinganyo hii miwili.

Jambo moja linanishangaza katika tabia ya Jacobi. Mwaka 1830 alimwandikia mzee Legendre akipinga wazo kwamba hesabu zipo kwa ajili ya manufaa ya watu na kueleza mambo ya asili. Yeye alishika kwamba sayansi hutafutwa kwa heshima ya akili ya binadamu, na kwamba swali la namba lina thamani sawa na swali la mpango wa ulimwengu. Mtu huyo huyo ndiye aliyekaa kitako kuwarahisishia kazi wapima nchi na wanajimu. Mimi nadhani alisema kwa ukali kuliko alivyotenda.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Mwaka 1848 Ulaya ilichafuka kwa mapinduzi, na Berlin pia. Jacobi akaingia klabu ya siasa akahutubia. Wapenda jamhuri hawakumwamini, kwa kuwa alikuwa akila fedha ya mfalme. Watu wa mfalme nao wakakasirika, kwa kuwa aliila fedha hiyo kisha akasimama na wenye kudai katiba. Mwaka 1849 serikali ikamnyima nyongeza ya mshahara aliyopewa kwa ajili ya ugonjwa wake. Kwa mtu mwenye kisukari na nyumba iliyojaa watoto, hilo lilikuwa pigo. Akawahamisha mke na watoto hadi Gotha, mji mdogo ambako maisha yalikuwa rahisi, naye akabaki Berlin katika nyumba ya wageni, peke yake, akiendelea na kazi. Kisha Chuo Kikuu cha Vienna kikamwita. Hapo ndipo wakubwa wa Prussia walipozinduka kwamba watampoteza. Humboldt akamsemea tena, na fedha zake zikarudishwa. Familia ilikuwa bado Gotha.

Mwanzoni mwa mwaka 1851 alishikwa na homa ya mafua. Kabla hajapona vizuri akapata ndui, na tarehe 18 Februari akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mwaka uliofuata rafiki yake Dirichlet alisoma maisha yake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Berlin. Philipp Ludwig Seidel, aliyekuwa mwanafunzi wake huko Königsberg, aliendelea na duru hizo, na mwaka 1874 akatoa makala yake mwenyewe, ambamo kila thamani mpya hutumika mara ipatikanapo bila kungoja duru iishe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaikuta kwa jina la Gauss na Seidel.

Asubuhi niliyorudi darasani nilimwita yule kijana wa nyuma ubaoni, nikamwambia abadilishe mahali milinganyo miwili kisha aanze tena. Kwenye duru ya nne akageuka kunitazama, kisha akaendelea bila kuambiwa.

Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wanaotaka kujaribu wachukue 7x + 2y = 20 na 2x + 3y = 13. Wafanye kwanza duru tano za kawaida, kisha wageuze kwa nyuzi 22 na nusu waone kinachobaki kufanywa. Jibu la mwisho ni 2 na 3, kwa hiyo mtu asiniletee jibu tupu; nataka kuona duru zote. Daftari ziletwe ofisi ya hesabu kabla ya kufunga shule.